Uduvi asiye na jina hana ulinzi

Katika nyanda tambarare za San Diego, jimboni California, mvua za majira ya baridi huacha madimbwi ambayo aghalabu hayafiki kina cha sentimita 30, na ambayo hukauka kabla ya kiangazi. Humo huishi uduvi wa maji baridi mwenye urefu usiofika sentimita 2, anayeogelea kichalichali. Mwaka 1993 Michael Fugate alimweleza kisayansi kuwa spishi mpya, Branchinecta sandiegonensis.

Kumtambua kunataka darubini na subira, kwa kuwa anafanana mno na jamaa yake, Branchinecta lindahli, aliyeenea sehemu nyingi za magharibi mwa Marekani. Dume hutambulika kwa umbo la ncha za jozi ya pili ya papasi zake, yaani viungo vya kichwani vya kupapasia, ambazo humshikia jike wakati wa kujamiiana. Jike naye huchunguzwa mfuko wa mayai na vijiiba vya mgongoni.

Wako wanaoziona tofauti hizo kuwa mchezo wa wataalamu wenye muda wa kupoteza. Mimi siafiki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya spishi zilizo hatarini huruhusu kulinda hata kundi moja la mahali fulani la mnyama mwenye uti wa mgongo, lakini asiye na uti wa mgongo hulindwa akiwa tu ni spishi au nususpishi, yaani tawi la spishi. Bila ile kazi ya 1993, uduvi huyu asingeingia katika orodha ya walio hatarini mwaka 1997, na ardhi yake, ambayo wajenzi wa nyumba na barabara wanaitamani sana, ingekosa kizuizi hicho.

Ndiyo maana naona ukaguzi wa kiangazi, yaani kutafuta mayai ya uduvi katika udongo wa dimbwi lililokauka, ambao wajenzi huulalamikia, ni wa haki kabisa. Dimbwi likikauka, mayai hubaki udongoni yakiwa hai kwa miaka, na kwa kuyatazama tu mara nyingi mtu huishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu. Sharti yatiwe maji, yaanguliwe na vifaranga wakuzwe hadi ukomavu ndipo spishi ijulikane. Isitoshe, katika madimbwi yaliyovurugwa lindahli huingia na kuzaa chotara na mwenyeji, hata papasi zikawa hazitoshi kuamua, ikabidi vinasaba vipimwe. Gharama hiyo, kwa maoni yangu, imwangukie anayetaka kujenga, naye asipewe kibali cha kuingiza tingatinga kabla ya majibu kutoka.