Tiketi 214 na mauzo ya daku

Ramadhani iliyopita mama mmoja mwenye mgahawa hapa Ngamiani, mteja wa siku nyingi wa programu yetu ya mauzo, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Mwanangu, mashine yenu ina nini? Mauzo ya daku yarudi jana!" Kweli. Kila alichouza saa nane usiku programu ilikiandika kwenye siku iliyopita, hesabu za siku mbili zikavurugika, na kijana wake wa kaunta akaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni.

Nikaingia kwenye historia ya msimbo, yaani kumbukumbu ya kila badiliko la maandishi ya programu. Juu ya mstari unaohusika palikuwa na onyo: "Usiguse, tazama 214." Mwenzetu aliyejiunga baadaye alikuwa ameitazama. Katika daftari letu jipya la hitilafu, ambamo kila tatizo huandikwa kama tiketi yenye namba, 214 ni rangi ya kitufe. Akaona onyo halina maana, akaufuta mstari. Simlaumu.

214 yenyewe ilibaki kwenye mfumo wa zamani. Tulipohama tulibeba tiketi zilizo wazi tu, namba zikaanza tena na 1, zilizofungwa tukaziita takataka. Nilikuwa wa kwanza kushangilia usafi huo. Sasa nasema tuliacha mzigo wenye thamani tukabeba magunia matupu: tiketi iliyo wazi mara nyingi ni malalamiko tu, majibu yamo kwenye zilizofungwa.

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana. Mitaa ya Ngamiani huitwa kwa namba, na ukiambiwa barabara ya 12 unaambiwa nyumba ya shangazi, duka la dawa na msikiti kwa pamoja. Ziamke kesho zimehesabiwa upya, uone kadi za harusi zitakavyopotea.

Mradi wa Python, lugha ya kuandikia programu, ulipohamishia tiketi zake GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, mwaka 2022, ulikabiliwa na jambo hilohilo. GitHub hutumia mlolongo mmoja wa namba kwa tiketi na kwa maombi ya kuunganisha msimbo, kwa hiyo namba za zamani zisingeweza kubaki vilevile. Hata hivyo walizibeba hata zilizofungwa, kila moja na namba yake ya zamani imeandikwa ndani, na daftari la awali likabaki la kusomwa tu, likielekeza kule kupya. Kazi kubwa, najua. Sisi tulikuwa na tiketi elfu moja na kidogo, hatuna kisingizio.

Bahati, nakala ya hifadhidata ya zamani ilikuwepo kwenye diski ya mwenzetu. Nikatafuta "tarehe". Hamna. "Saa", zikaja mia na ushee, zote za saa ya kwenye skrini. Ndipo nikakumbuka maneno ya yule mama. "Yarudi" nayo haikuleta kitu, kwa sababu utafutaji ule unalinganisha neno zima, na Kiswahili chetu hubadilika mwanzoni mwa neno: yarudi, yanarudi, yamerudi, hairudi. Nikaandika kipande tu, "rudi", kipatikane popote ndani ya neno. Ya tatu kwenye orodha: "Mauzo yanarudi jana."

Maelezo yake mistari minne. Seva huhifadhi muda kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kuanzia saa sita hadi saa tisa usiku, kwake bado ni jana. Geuza kwanza kuwa saa za Afrika Mashariki, ndipo ugawe mauzo kwa siku. Na kwa kuwa wateja wetu hawauzi usiku huo ila mwezi wa Ramadhani, kasoro hii hulala miezi kumi na moja.

Tunazihamisha zote sasa, kila moja na herufi Z mbele ya namba yake ya zamani. Z-214 sikuibadilisha kichwa. Chini yake nimeongeza maneno machache ya kutafutia: tarehe, usiku, daku, yarudi.