Michango ya harusi, jamani

Hivi nani aliwaambia kuniunga kwenye kundi la WhatsApp ndiyo kuniomba? Naamka asubuhi, nimo kwenye kamati ya harusi ya mtu tuliyewahi kupanga naye nyumba moja Tabata, basi. Salamu hakuna, kadi tu: singo elfu hamsini, dabo laki. Jioni katibu anabandika orodha. Waliolipa wana tiki ya kijani, sisi wengine tumewekewa "ahadi: ......" kama wadaiwa sugu. Ukijitoa, admini anakupigia kuuliza kulikoni.

Msiba naelewa, maiti haisubiri mshahara. Lakini keki ya ghorofa tano? Na sherehe yenyewe tarehe 20, mwezi umekauka kabisa!