Simuleta ya waongoza ndege inamfaa nani?

Wanaopigia debe simuleta za kufundishia waongoza ndege, wale wanaosimama mbele ya ndege na vijiti vya taa ikiingia kuegesha, huwa na hoja moja kubwa: mwanafunzi akikosea, hakuna bawa linalogonga kitu. Anavaa miwani ya uhalisia pepe, anapunga mikono, ndege inamfuata. Hoja ni ya kweli, lakini naona mtu wanayemlenga siye.

Ishara zenyewe zimeorodheshwa katika Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga wa kiraia, na mtu makini anaweza kuzishika akijitazama kwenye kioo. Ugumu uko kwingine. Chukua ishara ya kufunga breki. Unainua kiganja wazi juu kidogo ya bega, unahakikisha rubani anakuona, unakunja ngumi, halafu husogei mpaka akuoneshe dole gumba. Kwenye simuleta dole huja kwa wakati wake. Kwenye lami ya Dar es Salaam saa saba mchana, kioo cha rubani kinarudisha jua, injini inanguruma, na pengine rubani mwenyewe ameinamia swichi zake. Kusubiri bila kuyumba ndiyo kazi, na hilo hufunzwa na aliyesimama pembeni yako. Tena, miwani inayofuatilia mikono kwa kamera zake huweza kuipoteza ikipanda juu ya kichwa, na ishara ya kusimama ghafla hufanyika hukohuko juu, vijiti vikipishana.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo lami haiwezi kuyafundisha. Nani atakuazima Boeing 787-8, yenye mabawa ya mita 60, ujaribie breki zilizokufa au gari la mizigo linalokatiza mbele yake? Tarehe 31 Desemba 2022, huko Montgomery, Alabama, mfanyakazi wa maegeshoni alivutwa na injini ya ndege aina ya Embraer 175 akafariki. Ndege ilishasimama, ila injini moja iliachwa ikiwaka kusubiri ndege iunganishwe umeme wa kiwanjani. Hatari ya namna hiyo nzuri uijue kwanza kwenye miwani.

Anayefaidika zaidi, kwa maoni yangu, ni mzoefu. Viwanja vikubwa vingi vina skrini zinazomwongoza rubani hadi alama ya kusimama. Mwongozaji huitwa skrini ikiharibika, au ndege ikipelekwa maegesho ya mbali. Basi mtu aliyekuwa akiegesha ndege kutwa sasa anapitisha siku bila kuinua mkono, kisha anaitwa ghafla, usiku, mvua ikinyesha, na kati ya bawa na ndege ya jirani kuna mita 7.5 tu kwa ndege kubwa kama 787, na 4.5 kwa za ukubwa wa Boeing 737. Huyo ndiye wa kuvalishwa miwani mara kwa mara, akibadilishiwa ndege: sasa Dash 8 ya pangaboi, baadaye 787.

Kwa kiwanja kidogo kinachopokea ndege ndogo chache za Cessna Caravan kwa siku, sioni sababu ya kununua.

Wasiwasi wangu ni kwa mwajiri atakayenunua mashine ili apunguze siku za mwanafunzi kusimama na mkufunzi maegeshoni. Mamlaka zinazoidhinisha waongozaji zingepaswa kuzihesabu saa za simuleta kwenye mazoezi ya marudio, si badala ya zile za lami.