Msimfungie mtoto shule ili baba yake arudi kwao

Jumamosi, kwenye harusi ya watu wetu, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ofisi za wakimbizi alisema meza nzima ikisikia: "Kambini ukiweka shule nzuri, hakuna atakayerudi kwao. Na kama ni lazima wasome, wasome kwa lugha ya kwao." Watu wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo muda mfupi kabla ya hapo, na siku ilikuwa ya maharusi, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Nimesoma Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, nikafundisha humo humo, kwa hiyo mtasema navutia kamba kwangu. Basi Wakongo na Warundi tuwaweke pembeni kidogo. Twende Asia, kwa Wavietnam, maana hoja ya yule mzee ilishajaribiwa huko miaka mingi, na waliojaribiwa nayo walikuwa watoto.

Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, iliangukia mikononi mwa wakomunisti wa Kaskazini tarehe 30 Aprili 1975, na kwa miaka karibu ishirini watu waliendelea kuikimbia Vietnam kwa mashua. Kisiwa cha Pulau Bidong, Malaysia, chenye eneo la kilomita moja ya mraba hivi, kilikuwa na watu kama 40,000 katikati ya mwaka 1979. Hebu fikiria msongamano huo, vibanda vya mbao za kuokota na maturubai. Na bado wakimbizi walianzisha shule, walimu wakiwa wao kwa wao. Mzazi wa kambini akishapata pa kumlaza mtoto, swali linalofuata ni atasoma wapi. Nimelisikia swali hilo Kigoma kutoka kwa akina mama waliofika jana yake.

Walimu hao nao walikuwa na shida ambayo kila aliyepita kambini anaijua: jina likiitwa kwenda kuishi nchi nyingine, unaondoka. Leo unafundisha hesabu za sehemu, kesho uko kwenye msafara, na darasa linabaki linatazamana. Mtu wa ofisini huita hayo mafanikio, na kwa yule mwalimu na familia yake ni kweli. Lakini kwa watoto arobaini waliobaki, mwaka umekatika.

Ufilipino, pale Morong, jimbo la Bataan, kilifunguliwa kituo mwaka 1980 kwa Wavietnam, Walao na Wakambodia, wengi wao wakiwa wameshakubaliwa kwenda Marekani. Walikaa miezi kadhaa wakifundishwa Kiingereza na maisha ya huko waendako, walimu wengi wakiwa Wafilipino. Mwanzoni madarasa yale ya Kiingereza yalikuwa ya wenye miaka 16 hadi 55, yaani watu wa umri wa kazi. Vijana wa chini ya hapo walisubiri hadi 1985 ndipo wakapata programu yao ya kuwaandaa kwa sekondari za Marekani, na wadogo zaidi wakafuata baadaye. Mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa na miaka mingi zaidi ya kukaa darasani huko ugenini, akawa wa mwisho kwenye foleni. Nakubali, shingo upande, kwamba Bataan iliwafaa wengi sana. Lakini hesabu ya nani aanze inaonyesha shule ile ilipangwa kwa haja ya nani.

Hong Kong ndiko ninakochemka. Kuanzia Julai 1982 waliofika kwa mashua walianza kuwekwa kambi za kufungiwa, wasiruhusiwe kutoka, chini ya idara ya magereza, ili habari zifike Vietnam na wengine wakate tamaa ya kuja. Halafu ikaja tarehe 16 Juni 1988: atakayefika kuanzia siku hiyo hahesabiwi mkimbizi mpaka apite mchujo, na akishindwa, anarudishwa. Watoto wawili wa kijiji kimoja, mmoja mashua yake imetia nanga tarehe 15 na mwenzake tarehe 16. Wa kwanza anatazamiwa kwenda Kanada, Australia au Marekani. Wa pili anatazamiwa kurudi alikotoka, na kila mkubwa anayemwona daftarini anajiuliza kama anastahili kufundishwa sana. Mtoto wa darasa la tatu ana hatia gani katika tarehe?

Kambi ya Whitehead ilifunguliwa 1989. Mabanda, vitanda vya ghorofa tatu, familia nzima kwenye ubao mmoja nyuma ya pazia, na uzio mrefu pande zote. Kuna watoto waliozaliwa ndani ya kambi za Hong Kong na kufikia umri wa kuanza shule wakiwa bado ndani ya uzio. Mashirika ya hisani yaliendesha madarasa humo kadiri yalivyoweza. Sasa naomba jibu: ikiwa maisha magumu ndiyo yanayomrudisha mtu kwao, mbona Whitehead haikubaki tupu ndani ya mwaka mmoja? Watu walikaa miaka. Waligoma kula, waliandamana, na vurugu kubwa zilizuka humo 1995 na 1996. Waliwekwa pale na hofu ya waliyoyakimbia, na rufaa ambayo haijajibiwa, na ndugu aliye California anayeandika barua kwamba subirini. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anasubiri hesabu za darasa la nne.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1989, watu 51 walitolewa Hong Kong kwa nguvu na kupakiwa kwenye ndege ya Hanoi. Miaka iliyofuata zaidi ya watu 100,000 walirudi Vietnam kutoka kambi mbalimbali za eneo lile, wengi kwa hiari, wengine hiari ya kuchoka. Mtoto aliyekuwa miongoni mwao alihitaji nini alipofika? Kusoma na kuandika Kivietnam vizuri, hesabu za rika lake, na karatasi ya kumwambia mwalimu mkuu ameishia wapi. Akikosa hayo, anakalishwa na watoto anaowazidi miaka minne, na haimchukui muda kuacha shule. Kwa hiyo hata anayetaka kwa moyo wote wakimbizi warudi kwao, anaihitaji shule nzuri kuliko mimi!

Nitampa mzee haki yake kwenye jambo moja: kufundisha kwa lugha ya nyumbani ni sahihi. Nimefundisha, najua. Lugha ya nyumbani kwanza, nyingine juu yake.

Kazini kwangu kuna dada Mvietnam aliyesoma akiwa mtoto kambi ya Galang, Indonesia. Aliniambia mwalimu wao alisahihisha madaftari kila siku kana kwamba mkaguzi angefika kesho, wakati hakuna mkaguzi aliyewahi kufika. Mwalimu yule hakujua nani ataenda wapi, akawafundisha wote sawasawa. Namheshimu mtu ambaye sijamwona.

Kwetu, kambi ya Mtabila, Kigoma, shule zilifungwa Warundi bado wamo, na maelfu walikuwa bado wamo mwishoni mwa 2012 kambi yenyewe ilipofungwa. Miaka hiyo ya masomo nani atawarudishia?

Ninachodai ni kidogo na kinawezekana mwaka huu huu. Madarasa yasifungwe kambi ikiwa bado ina mtoto. Mwalimu mkimbizi alipwe kiasi cha kumfanya abaki darasani badala ya kwenda kuuza dagaa sokoni. Na kila mtoto atoke na cheti kinachosema amefika darasa la ngapi, kimeandikwa kwa lugha inayosomeka huko aendako, awe anakwenda Uvira, Bujumbura au Ohio, na serikali za pande zote mbili ziwe zimekubali kukitambua kabla basi halijaondoka.