Halifax Tatu: Ipi Ifufuliwe, Ipi Iachwe

Uingereza iliunda ndege za mabomu aina ya Halifax 6,176 wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vita vilipokwisha zikakatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, hata haikusalia moja nzima ya kuwekwa makumbusho. Zinazoonekana leo zimetoka majini na mabandani, na kila moja inajibu kivyake swali linalowagombanisha mafundi wa ndege za zamani: ndege iliyookotwa irudishwe upya, au iachwe ilivyokutwa?

Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, pale Hendon, London, yaliamua kuiacha. Ndege W1048 ilikwenda kuishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz mwezi Aprili 1942, ikapigwa, na rubani akaitua juu ya ziwa Hoklingen, Norwei, lililokuwa limeganda. Wote waliokuwemo walitoka hai. Aliyeumia mguu akatekwa, wenzake wakakimbilia Uswidi. Ndege ikazama, ikaopolewa mwaka 1973. Imewekwa hivyo hivyo: bati limeliwa, rangi imebanduka, mbavu ziko nje.

Wakanada wakafanya kinyume. Ndege yao, NA337, ilitunguliwa Aprili 1945 baada ya kuwadondoshea wapiganaji wa Norwei vifaa, ikaangukia ziwa Mjøsa. Kati ya watu sita alipona mmoja. Mwaka 1995 ikavutwa kutoka kina cha zaidi ya mita 200, ikapelekwa Trenton, Ontario, na baada ya miaka kumi ya kazi ikasimama inang'aa kama imetoka kiwandani.

Ni rahisi kuwalaumu, lakini wana hoja. Maelfu ya vijana wa Kanada waliruka na Halifax vitani na wengi hawakurudi. Jamaa zao hawakuwa na hata moja ya kusimama mbele yake. Isitoshe, alumini iliyokaa majini haitulii inapotolewa. Palipokutana na chuma panaendelea kulika, na mara nyingine dawa yake ni kufungua kipande kimoja kimoja, kukisafisha na kubadilisha kilichooza. Kuiacha ndege "ilivyo" nako ni kazi isiyokwisha.

Lakini bati jipya halina tundu la risasi. Ribiti, ule msumari wa kuungia mabati, iliyogongwa kiwandani mwaka 1942 ikishang'olewa, kilichobaki ni maelezo ya ukutani. Rangi mpya inaweza kupakwa hata miaka hamsini ijayo. Ile ya zamani ikishakwanguliwa ndiyo basi.

Ya tatu, ya makumbusho ya Elvington huko Yorkshire, Uingereza, ina kipande cha kiwiliwili kilichokuwa banda la kuku katika kisiwa cha Lewis, Scotland, na mabawa ya ndege nyingine aina ya Hastings. Wapo wanaoicheka. Mimi siicheki: jahazi hubadilishwa mbao hadi mkuku na bado mwenyewe analiita kwa jina lile lile, ilimradi hamwambii mnunuzi kwamba mbao zote ni za tangu mwanzo.

Naona Trenton walipata ruhusa yao kwa sababu Hendon walikwisha kuacha moja bila kuigusa sana. Mpangilio ungekuwa kinyume, hasara isingerekebishika. Ikiopolewa ya nne, ioshwe tope, kutu isimamishwe, na kopo la rangi libaki limefungwa.