Mandari ya miguu: anayeulizwa maswali ni mtoto wa kike

Shule zikikaribia kufunga, nyumba nyingi za Unguja huwa na mazungumzo ya aina moja. Kijana wa kidato cha pili au cha tatu anataka kwenda na wenzake kutembea msitu wa Jozani, au wa Masingini, au kufuata pwani kwa miguu kutoka kijiji kimoja hadi chengine. Sufuria la pilau na gari la kukodi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa mandari kwa wazee wao, haviwashughulishi sana. Wanataka kutembea mpaka wachoke, wapige picha, warudi. Mama anauliza: nani mkubwa wenu? Mtarudi kabla ya magharibi? Baba, kama kawaida yake, anasema ulizeni mama yenu.

Wanaokataa wana hoja, lakini hoja zao nzito haziko msituni. Jozani huingii kiholela: unalipa getini na unatembezwa na mwongozaji. Kima punju, yule kima mwekundu wa humo, hana habari na mtu, shughuli yake ni majani. Chui wa Unguja, ambaye wazee walisema hufugwa na wachawi, hata wataalamu hawana hakika kama bado yupo, ingawa kwa kutishia watoto angali anafanya kazi nzuri.

Hatari iko barabarani na baharini. Gari ya Makunduchi ikijaa Jumapili jioni, wanaoning'inia nyuma ndio hao hao vijana wetu. Na pwani kuna bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Siku hizo maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na kwa kawaida yake hukauka asubuhi na kujaa alasiri. Kijana anayeanza safari saa 4 anaona mchanga mtupu mpaka mbali, anavuka hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kwa kandambili, anakaa, anakula, anaoga. Akigeuka saa 9, alipopita pana maji ya kifuani, na njia iliyobaki ni juu ya maweni, mawe makali yanayokata ndara na unyayo pamoja. Watu wa Uzi, kisiwa ambacho kwa miaka mingi njia yake ya kutokea Unguja Ukuu ilipita kwenye mikoko na maji yakijaa yaliifunika, mambo haya wameyanyonya kwa mama zao. Mtoto wa Mwanakwerekwe, aliyekulia mjini, hajui, na hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo mzazi anayeogopa pwani simwiti mwoga.

Upande wa pili nao haukosi cha kusema. Shirika la Afya Duniani linataka wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Takwimu zake za 2016 zilionesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 duniani hawafikii hapo: wavulana 78, wasichana 85. Hapo ndipo suala letu lilipo hasa, maana ukisikiliza vizuri maswali ya mama, mengi hayamhusu kijana wa kiume. Yeye huaga akiwa keshafika mlangoni. Ameshazunguka kutafuta matunda ya mwituni, mabungo na fuu, tangu ana miaka minane, anajua kuogelea, anajua njia za kukatisha, na akirudi baada ya isha anagombezwa kidogo kisha anapakuliwa chakula. Dada yake wa miaka 15 ndiye anayeitiwa baraza la ukoo: shangazi, bibi, na jirani ambaye hata hakuulizwa.

Watetezi wa utaratibu huu husema wanamlinda, na sitawadharau. Maneno ya watu mtaani kwetu yana uzito, na binti akisemwa, mzigo anaubeba yeye na mama yake. Kundi la mchanganyiko lisilo na mtu mzima, kwa mila na dini yetu, halina mtetezi, na mimi pia si mtetezi wake. Ila ulinzi huu una dosari moja: unamwacha binti bila ujuzi ambao kaka yake aliupata bure. Siku atakapolazimika kuvuka maji, atakuwa ndiye asiyejua yanajaa saa ngapi.

Kuna na jambo la siku, ambalo wanaobishana hulisahau. Vyuo vingi vya Kurani hufunga Alhamisi na Ijumaa, shule hufunga Jumamosi na Jumapili, na tuisheni imekuja kumalizia nafasi iliyobaki. Kwa binti ongeza vyombo, kufua na mdogo wa kubembeleza. Wengi hawakukatazwa kwenda popote. Hawana tu asubuhi iliyo tupu. Mzee anayelalamika kuwa watoto wa leo wamezama kwenye simu ahesabu kwanza saa alizowaachia za kufanya kitu chengine.

Mimi naelemea kwa wanaoruhusu, kwa sharti la mtu mzima na la saa. Nyumba inayosita ianzie Masingini, si pwani. Ni karibu na mji, ni kwenye mwinuko wa juu kabisa wa Unguja, hakuna bamvua wala hori la kuvuka, na msitu wenyewe unalinda chemchemi zinazotoa sehemu ya maji ya mjini, kwa hiyo hata baba atapata la kueleza. Mabinti wanne au watano, halati mmoja, yaani dada wa mama, mwenye miguu mizima, viatu vya kufunga badala ya ndara, na kuondoka saa 1 asubuhi kabla jua halijakaza. Pwani ifuate baadaye, na siku ya kwanza ichaguliwe maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, baada ya kumuuliza mvuvi wa hapo hapo. Kaka mtu naye, siku hiyo, abaki na mdogo wake na vyombo.