Mtoto, kijana, baba: nani apime kimo cha imani?

Nilipewa karatasi yenye safu tatu. Ya kwanza iliandikwa "watoto", ya pili "vijana", ya tatu "wazazi wa imani". Mimi nilikuwa kiongozi wa kikundi cha nyumbani, na kazi yangu ilikuwa kuwapanga watu 14, kila mmoja mahali pake, ili kanisa lijue nani apelekwe darasa lipi. Safu ya watoto niliijaza kwa dakika mbili. Ya vijana ilinichelewesha kidogo. Nilipofika kwenye jina langu sikusita, nikaliandika safu ya tatu. Hiyo ilikuwa wiki ya pili tangu niache kupokea simu za ndugu yangu wa tumbo moja, kwa sababu ya neno alilonitamkia mbele za watu.

Simlaumu aliyeitengeneza karatasi ile. Maandiko yalikuwa upande wake, na hoja yake inastahili kusikilizwa kabla ya kupingwa.

Agano Jipya halioni haya kusema kwamba waumini hawalingani kimo. Mwandishi wa Waebrania anawakemea watu waliopaswa kuwa walimu, "maana wakati mwingi umepita", na bado wanahitaji maziwa wala si chakula kigumu. Tazama kinachomuuma. Hasemi uchanga ni dhambi. Anasema uchanga wao umepitiliza muda wake. Mtoto wa miezi sita akinyonya hakuna anayeshangaa. Wa miaka sita ndiye anayewatia wazazi wasiwasi. Petro naye anawahimiza waumini wayatamani maziwa kama watoto waliozaliwa sasa, ili waukulie wokovu. Maziwa kwake ni heri kabisa, mradi mtu anakua.

Mchungaji asiyetofautisha vimo huwaumiza watu wa pande mbili. Mwongofu wa wiki tatu anapewa kipaza sauti kwa sababu ushuhuda wake unasisimua, kisha uongozi, kisha anaanguka mbele ya kusanyiko lote. Paulo aliliona hilo mapema, akamwambia Timotheo kwamba askofu asiwe mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna. Upande wa pili yuko muumini wa miaka 20 ambaye kila ibada anasikia mwito uleule wa kuja mbele aokoke, huku nyumbani anauguza swali la maombi yasiyojibiwa na hana pa kulipeleka. Huyu analishwa, ila halishwi chakula cha kimo chake.

Kuna faida nyingine ya kujua hatua, na kwangu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Karibu kila anayedumu katika maombi hufika mahali pakavu. Maneno yanaisha, utamu wa siku za kwanza unaondoka, Biblia inasomeka kama tangazo. Asiyeambiwa mapema huamini kwamba amerudi nyuma, au kwamba Mungu amemwacha, au anakimbilia mkutano mwingine akatafute moto uleule wa zamani. Yohana wa Msalaba, mtawa wa Hispania katika karne ya 16, aliuita ukavu huo usiku, akafundisha kwamba mara nyingi ndani yake Mungu anamwachisha mtu maziwa. Nimeona watu wakilia kwa faraja walipoelezwa jambo hilo tu, kwamba wengine wamepita pale wakatokea upande wa pili.

Ndiyo maana kanisa limechora ramani za safari hii tangu zamani. Yohana mwingine, abate (mkuu wa watawa) wa Sinai katika karne ya 7, aliandika juu ya ngazi yenye vipandio 30, cha mwisho kikiwa imani, tumaini na upendo. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania, mwaka 1577, aliifananisha roho na ngome yenye makao saba. Wote wawili waliandika kwa kuombwa, kwa ajili ya watawa waliotaka kuongozwa. Na Teresa aliweka tahadhari ambayo wapenda ngazi huiruka: hata aliyefika makao ya ndani kabisa hapaswi kamwe kukiacha chumba cha kujijua mwenyewe, kilicho mlangoni kabisa.

Sasa upande wa pili, wa wale wasioamini ngazi. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Ujerumani, alianza hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini yanapaswa kuwa toba. Maisha yote, hata ya mwamini mkongwe. Katekisimu ya Heidelberg, kitabu cha mafundisho ya Kiprotestanti cha mwaka 1563, katika swali la 114, inasema kwamba hata walio watakatifu kuliko wote wana mwanzo mdogo tu wa utii katika maisha haya. Watu wa upande huu wanauliza: mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu alikuwa darasa la ngapi? Haki anayohesabiwa mwenye dhambi haina nusu wala robo. Aliyeamini leo asubuhi anayo yote, sawasawa na mtume.

Wengi hujaribu kuzipatanisha pande hizi haraka kwa kusema kuhesabiwa haki (kupokelewa na Mungu kama mwenye haki) hakukui, utakaso (kufanywa mtakatifu) ndio unaokua. Ni kweli, na ni muhimu. Lakini jibu hilo haligusi kidonda, kwa sababu ugomvi wa makanisani hauhusu kama watu wanakua. Unahusu nani anashika kipimo, na anapima nini.

Angalia Wakorintho. Paulo anaanza kwa kuwashukuria kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Sura mbili baadaye anawaita watoto wachanga katika Kristo. Wananena kwa lugha, wana maarifa, wana walimu maarufu wa kujivunia, na bado wanahitaji maziwa. Kwa ushahidi gani? "Ikiwa kwenu kuna husuda na fitina." Hakuwauliza wameokoka miaka mingapi wala wanafunga siku ngapi. Aliangalia wanavyotendeana. Mbele kidogo anawapa picha isiyoingia kwenye safu yoyote: katika uovu wawe watoto wachanga, bali katika akili wawe watu wazima. Mtu mmoja, vimo viwili, na vyote vinatakiwa.

Halafu kuna lile fungu ambalo karatasi yangu ilitokana nalo, 1 Yohana 2:12-14. Nimelisoma mara nyingi tangu siku ile. Kwanza, mpangilio wake si wa ngazi. Yohana anaanza na watoto wadogo, anaruka kwa akina baba, ndipo anarudi kwa vijana. Pili, hamkemei yeyote. Watoto wamesamehewa na wamemjua Baba. Vijana wana nguvu na wamemshinda yule mwovu. Na akina baba? Anawaandikia mara mbili, na mara zote mbili neno ni lilelile: "mmemjua yeye aliye tangu mwanzo." Hakuna ushindi unaotajwa, hakuna nguvu. Vijana ndio wenye sifa za kujaza ushuhuda wa nusu saa. Kwa akina baba kimebaki kitu kimoja, kumjua, na watoto nao tayari wanacho kwa kiasi chao. Ukomavu hapo unafanana sana na mwanzo, ila umekaa muda mrefu zaidi.

Ukitaka kuijaribu karatasi ya safu tatu, mweke Petro. Katika Mathayo 16 anamkiri Kristo kwa ufunuo wa Baba. Mistari saba baadaye anaambiwa "nenda nyuma yangu, Shetani". Uani kwa Kuhani Mkuu anamwogopa kijakazi. Haya, tuseme huyo ni Petro wa kabla ya Pentekoste. Lakini baada ya Pentekoste, na baada ya maono ya Yafa yaliyompeleka nyumbani kwa Kornelio asiye Myahudi, yuko Antiokia anakula na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Wanafika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Anarudi nyuma, anajitenga, "huku akiwaogopa waliotahiriwa". Ni hofu ileile ya uani, hofu ya macho ya watu. Paulo anamkabili mbele ya wote.

Kwa hiyo Petro alikua au hakukua? Anayehesabu makosa atasema alirudi darasa la kwanza. Mimi naona jibu liko mwishoni mwa waraka wa pili unaobeba jina lake, ambako Paulo anaitwa "ndugu yetu mpenzi". Yule aliyemwaibisha mezani, mbele za watu, anaitwa hivyo bila maelezo, katika sentensi inayohusu jambo jingine. Sijapata katika Biblia nzima alama ya ukomavu iliyo wazi kuliko hiyo, na hakuna darasa linaloweza kuitahini.

Hapo ndipo ninaposimama. Hatua zipo. Anayezikana anawanyima wachanga maziwa na waliochoka ramani. Lakini zinafaa kwa kulisha, na zinaharibika zikigeuzwa vyeo. Wafilipi 3 inatosha kutuzuia: Paulo anasema si kwamba amekwisha kuwa mkamilifu, kisha mistari mitatu baadaye anaandika "sisi tulio wakamilifu na tuwaze hayo". Yaani watu wazima ni wale wanaojua kwamba hawajafika. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliyefundisha kwa miaka mingi kwamba upendo mkamilifu unaweza kupokelewa katika maisha haya na kuandika kulitetea fundisho hilo mwaka 1766, alikiri hadharani kwamba yeye mwenyewe hajaufikia. Sikubaliani na fundisho lake lote, ila ungamo lake naliheshimu sana.

Na Yesu mwenyewe aliposimulia ukuaji aliyaweka mambo yote mawili katika mfano mmoja. Kuna jani, kisha suke, kisha ngano pevu katika suke: hatua tatu, kwa mpangilio. Lakini mpanzi analala na kuondoka, usiku na mchana, na mbegu inakua "asivyojua yeye". Anapanda, anavuna wakati ukifika, ila haingii ndani ya shina kulipima.

Mwaka uliofuata karatasi ilirudi mikononi mwangu, nikaomba ruhusa ya kuijaza tofauti. Badala ya safu, mbele ya kila jina niliandika anachohitaji kwa sasa. Huyu afundishwe kuomba kwa maneno yake mwenyewe. Huyu apumzishwe uongozi, amechoka. Huyu atafutiwe mtu wa kukaa naye katika msiba bila kumhubiria. Ilinichukua jioni mbili, na kwa baadhi ya watu niligundua kwamba siwajui kabisa, ikabidi niende nikawatembelee kwanza.

Ndugu yangu nilikuwa nimempigia miezi mingi kabla, Jumamosi moja jioni. Tuliongea dakika kumi kuhusu afya ya mama. Lile neno hakuna aliyeligusa, lakini kabla ya kukata aliniuliza nitakuja lini, nikamtajia siku.